KALAMU NENE NA NYUMBA YAKE



Ndugu wasomaji, wazazi wetu na nyinyi wanafunzi wapenzi, mwaka huu nimeona niandike juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo: mahali pa kuwekea kalamu nene za khati. Kila juma tunapokea kalamu iliyovunjika ncha, kanzu yenye doa la wino, au mtoto asiyeandika kwa kuwa kalamu imepotea njiani. Hilo si dogo tena.

Wapo wanaosema dawa ni kuziacha kalamu hizo na kutumia peni za dukani. Rai hiyo siikubali. Peni ya kawaida huchora mstari wa unene mmoja tu. Khati ya Kiarabu inataka ncha pana, iliyokatwa mshazari, ili mstari uwe mnene hapa na mwembamba pale. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 328 Hijria (940), ndiye anayesifiwa kwa kuziwekea herufi vipimo, na kipimo chenyewe ni nukta ya kalamu. Urefu wa alifu huhesabiwa kwa nukta. Bila ncha pana hakuna nukta, na bila nukta mwanafunzi hubahatisha tu. Tena sote tunajua kuwa Surat Al-Qalam, sura ya 68, inafunguliwa kwa kiapo cha kalamu. Chombo chenye heshima hiyo hakifai kutupwa chini ya begi pamoja na kiatu.

Tatizo ni kwamba masanduku ya dukani hayakutengenezwa kwa ajili yake. Mkebe wa hesabu umepimwa kwa rula ya sentimita 15, na kalamu ya tete mara nyingi huuzidi urefu huo. Vishikizo vya mpira ndani ya mikoba ya kalamu vimepimwa kwa peni nyembamba, ambayo unene wake ni kama milimita 8. Kalamu kubwa ya wino yenye unene mara mbili ya huo haipiti. Ukiilazimisha, mpira unakatika au kifuniko kinachomoka na wino unamwagika.

Waliotutangulia walilifahamu hili. Lipo kasha la kalamu la shaba, lililonakshiwa kwa fedha, alilolitengeneza fundi aitwaye Shazi mwaka 607 Hijria (1210-1211), na leo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Washington, Marekani. Kasha hilo ni refu na jembamba, kwa sababu kalamu za tete zilikuwa ndefu. Kwetu pwani, mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate ulijulikana kwa waandishi wa misahafu na pia kwa mafundi wa ngozi. Tunajifunza kwamba kalamu hupimwa kwanza, kisha kasha hufuata.

Je, tuwaambie wazazi wanunue makasha ya ngozi mjini Arusha? Hapa ndipo ninapowaomba wenzangu walimu tutafakari. Mzazi wa Kansay anayesubiri mbaazi na ngwara zikomae ameshalipa daftari, sare na mchango wa shule. Tukiongeza kasha la lazima, mtoto wa asiyenacho atasimama mlangoni akiona haya, na siku ya tatu hatakuja. Madrasa haifai kumpoteza mtoto kwa ajili ya kasha. Kwa hiyo rai yangu ni hii: kila mwanafunzi atengeneze lake mwenyewe, na la mwenye nacho lifanane na la asiyenacho.

Kazi yenyewe si ngumu. Chukua kipande cha mwanzi mkavu ambacho kidole gumba kinaingia bila kubanwa, na urefu wake uizidi kalamu kwa vidole viwili. Kikate chini kidogo ya fundo, ili fundo liwe kitako. Mwanzi ukiwa bado mbichi, uache kivulini wiki kadhaa. Ukikaushwa juani kwa haraka hupasuka. Sugua mdomo kwa msasa, tia kitambaa laini ndani, kisha ziba kwa gunzi la hindi lililochongwa. Asiyepata mwanzi aombe kwa fundi bomba kipande cha bomba la plastiki la inchi moja lililobaki kazini.

Lakini mwanzi usitoke popote tu. Mlima Oldeani, jirani yetu, umepata jina lake kutokana na neno la Kimaasai la mwanzi, na mwaka 2013 jamii ya mwanzi wa milimani ilipewa jina la Oldeania kwa sababu hiyo. Mlima huo umo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, na mianzi yake si ya kukatwa na sisi. Tutumie uliopandwa shambani, kwa idhini ya mwenyewe. Kasha la mwanzi wa wizi halifai kubeba kalamu inayoandika maneno matukufu.

Mwisho, kasha peke yake halitoshi. Kalamu ya tete ioshwe na ikauke kabla ya kufungiwa, la sivyo itaota ukungu. Kalamu ya wino isimame ncha ikiwa juu. Na wanaosafiri wakumbuke kwamba basi linapopanda kutoka Mto wa Mbu kuja Karatu, mgandamizo wa hewa ya nje hupungua, hewa iliyomo ndani ya kalamu hutanuka na kuusukuma wino nje. Basi kalamu ijazwe kabisa au ibaki tupu; nusu nusu ndiyo inayochafua kanzu.

Wazazi, tunachoomba kwenu safari hii si fedha. Tunaomba jioni moja ya kukaa na mtoto, msumeno na kipande cha mwanzi. Mtoto aliyeijengea kalamu yake nyumba kwa mikono yake hataiacha njiani kirahisi.