KUHAMA AU KUKAA: SUALA LA ULYANKULU



Hapana neno zito katika nyumba kuliko neno la kuhama. Baba akilitamka usiku, asubuhi kila kitu kimebadilika sura: shamba, kisima, mwembe wa uani, hata makaburi. Leo twapenda kusema juu ya nyumba nyingi zilizoulizwa neno hilo kwa siku moja, huko Unyamwezi.

Sisi watu wa visiwani Tabora si pageni kwetu. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo hadi Kazeh, na kutoka hapo ikaendelea Urambo, Uvinza na Ujiji, ilitembewa na babu zetu. Burton na Speke walipoifuata mwaka 1857 walikaa njiani zaidi ya miezi minne kabla ya kuingia Kazeh, na waliowapokea huko walikuwa Waarabu waliotoka kwetu. Wanyamwezi nao waliteremka na pembe mabegani, na wengine hawakurudi tena. Walibaki Unguja na Pemba, wakachuma karafuu, wakaoa, wakazikwa hapa. Basi njia hiyo ni njia ya watu waliohama, na aliye kizazi cha mhamaji hana haki ya kumcheka mhamaji mwenziwe.

Upande wa kaskazini-magharibi ya mji wa Tabora kuna mahala paitwapo Ulyankulu. Mwezi wa Aprili 1972 maasi yalizuka kusini ya Burundi, na Watutsi wengi wakauawa. Serikali ya Micombero ikajibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima, khasa waliosoma. Waliokufa wakadiriwa kuwa baina ya laki moja na laki tatu. Waliookoka walivuka mpaka, na Tanzania ikawapokea, ikawapa msitu na majembe: Ulyankulu, kisha Katumba, na baadaye Mishamo. Maji na ardhi vilipokuwa haba Ulyankulu, maelfu ya watu walihamishwa tena mwishoni mwa miaka ya 1970 wakapelekwa Mishamo, wakaanza kukata miti upya.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu hawa walipewa jembe na wakalitumia. Walilima mahindi, mihogo na tumbaku, wakajilisha wenyewe. Miaka 35 ikapita. Jee, mtu aliyelishika jembe lako miaka 35 angali mgeni?

Mwaka 2007 waliulizwa. Katika makazi hayo matatu walihesabiwa watu zaidi ya laki mbili, na wakaambiwa wachague: kurejea Burundi, au kuomba uraia wa Tanzania. Hatuwi wachoyo wa sifa. Serikali chache duniani zimepata kuwafungulia wakimbizi wengi namna ile mlango wa uraia, na kwa hilo Serikali ya Muungano yastahiki heshima yake. Kiasi cha watu wanne katika kila watano waliomba uraia; mmoja alichagua kurudi.

Lakini sisi tunauliza: khiari ile ilikuwa khiari ya namna gani?

Tuitazame nyumba moja, bila ya kuitaja jina, maana nyumba za namna hiyo zilikuwa nyingi. Baba alizaliwa pwani ya ziwa, upande wa Rumonge, akaletwa mgongoni mwa mama yake. Analijua shamba la michikichi la wazee wake kwa masimulizi tu. Watoto wamezaliwa Ulyankulu, wamesoma kwa Kiswahili, Kifaransa hawakijui. Bibi mzee ataka kuzikwa alikozikwa babaake. Mama ana makaburi ya wanawe wawili palepale kijijini. Nani katika hawa arudi, na nani abaki? Zipo nyumba zilizojigawa: mmoja akatangulia kutafuta ardhi ya ukoo, wengine wakabaki kulinda shamba walilonalo. Hawakugombana. Walifanya kama mtu anayeweka mbegu yake katika vihenge viwili, kwa kuogopa moto.

Na waliorudi walikuta nini? Shamba la mzee lilikuwa na mtu mwingine, mara nyingi aliyepewa na serikali iliyopita, naye ameshazaa na kuzika hapo. Sheria ya ardhi ya Burundi iliweza kumpa haki mtu aliyekaa miaka 30, na waliokimbia 1972 walikuwa nje zaidi ya hiyo. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilihangaika kuwagawia pande mbili shamba ambalo hata upande mmoja halikuutosha. Wasiokuwa na pa kushika walijengewa vijiji vya amani, na watoto wao waliingia madarasani wakasomeshwa kwa lugha wasizozizoea. Waliwaita hao kuwa wamerejea nyumbani. Kwa watoto, kule kulikuwa ni kwenda ugenini.

Na waliobaki, jee? Sheria ya Tanzania haikumruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ilimpasa muombaji aukane uraia wa Burundi. Wakaukana. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba watu wapatao 162,000 wamekubaliwa. Kisha wakaambiwa kuwa vyeti watapewa wakishaondoka makazini na kutawanywa katika mikoa mingine. Yaani mtu aliyechagua kukaa akaamrishwa kuhama! Vyeti havikuanza kutolewa kwa wingi mpaka Oktoba 2014, baada ya sharti lile kuachwa, na Rais Kikwete mwenyewe alifika Tabora kuvigawa. Kwa miaka minne watu hao walikuwa wameuvua uraia mmoja na wa pili hawajavishwa. Nani apandaye mwembe katika miaka ya namna hiyo? Nani ajengaye kwa tofali la kuchoma, hali hajui kama mvua ya mwakani itamkuta hapo?

Wako watakaosema: waliopewa bure wasilalamike. Sisi hatukubali. Haki ikishatolewa si sadaka tena. Na khiari yenye sharti lililofichwa nyuma yake si khiari. Ni mtego uliofunikwa majani.

Wengine watauliza: gazeti la visiwani lina haja gani na Ulyankulu? Tunawajibu kwa ukumbusho mmoja. Januari 2001 watu wetu zaidi ya elfu mbili, wengi wao kutoka Pemba, waliingia mashuani usiku wakavuka kwenda Shimoni, Kenya. Hakuna aliyekuwa amepanga kuhama. Tulijua wakati ule maana ya kuulizwa na mgeni mwenye kalamu: utarudi lini? Na tulijua jawabu lake: nitarudi siku nitakapokuwa na hakika ya usalama wangu, si siku utakayofunga daftari lako.

Jambo hili halikwisha Ulyankulu. Mwaka 2015 Burundi iliingia tena katika fitina kwa sababu ya muhula wa tatu wa Nkurunziza, na Warundi zaidi ya laki mbili wakakimbilia Kigoma, katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Miongoni mwao walikuwamo waliowahi kuwa wakimbizi Tanzania, wakarudi kwao kwa furaha, na sasa wakaipita njia ileile mara ya pili. Mwaka 2017 wakaanza kurejeshwa tena.

Basi twasema hivi. Kwanza, asiulizwe mtu kuhama au kukaa kabla hajaoneshwa kwa ukweli kinachomngoja pande zote mbili: ardhi ipi, shule ipi, karatasi ipi. Pili, aulizwe kila mtu mzima katika nyumba, mke kama mume, kijana kama mzee, kwani makaburi ya mama ni makaburi kama ya baba. Tatu, jawabu likishatolewa liheshimiwe siku ileile, bila ya sharti jipya.

Wapagazi wa zamani walijua kuwa mzigo haubebeki mpaka mwenyewe aunyanyue kwanza aone uzito wake, ndipo akubali safari. Familia inayoulizwa kuhama iachwe nayo iupime mzigo wake.