Njia nane hazimalizi foleni

Foleni ikikaza Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, hukosi mtu wa kusema: wapanue barabara, mambo yaishe. Anasema abiria aliyebanwa mlangoni, anasema mheshimiwa jukwaani. Ni imani potofu, na sisi wakazi wa Mbezi tunailipia kila asubuhi.

Tayari tumepanuliwa. Mwaka 2017 nyumba zilivunjwa kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, familia zikahama na mabati yao, kisha zikajengwa kilomita 19.2 za njia nane. Sibezi kazi hiyo. Lakini njia nane zinaishia Kimara. Kutoka hapo kwenda mjini, daladala na magari binafsi hubanana kwenye njia mbili kila upande, kwa hiyo tulichopata ni kuiwahi foleni. Na lami ilipokamilika watu wakasogea kujenga mbele zaidi, Kibamba na Kiluvya, wakanunua na magari kwa kuwa hawakuona basi la kulitegemea.

Simama Temboni saa kumi na mbili asubuhi. Watu wa kwenda mjini wanapanda daladala inayoelekea Mbezi, upande wasikokwenda, ili wageuze nayo wapate kiti. Nauli mbili, safari moja! Mwanafunzi, kwa kuwa analipa nauli ndogo, anazuiwa na mkono wa konda mlangoni. Yote hayo yanatokea kando ya barabara pana kuliko nyingi nchini.

Mwendokasi, yaani usafiri wa mabasi yaendayo haraka, ulipoanza Mei 2016 ulituonyesha dawa: njia ya mabasi peke yake, na basi refu moja kubeba abiria zaidi ya 100. Leo tunalalamikia uchache wa mabasi yake, na ni haki yetu, ila uchache wa mabasi hautibiwi kwa kuongeza lami ya magari madogo yenye mtu mmoja mmoja ndani.

Tena anayetoka ndani ndani huko Msumi au Makabe ana safari nyingine kabla ya kuiona barabara kuu. Masika yakianza, bodaboda anapandisha bei, utelezi ukizidi anakataa kabisa. Fedha ziende huko: lami ya mitaani, mabasi ya kutosha yanayoondoka Mbezi tangu alfajiri, na njia ya mabasi hayo isiyoingiliwa na gari jingine. Atakayekuja kuomba kura kwa ahadi ya upanuzi mwingine, tumuulize kwanza ataleta mabasi mangapi, na lini.