Jazi Haishuki Kutoka Mbinguni

Jazi haifundishwi, wanasema. Mpiga piano wa jazi hukaa, hufumba macho, akapiga kinachomjia; aliyezaliwa nacho anacho, na asiye nacho apige nyimbo za kitabuni. Wengine huongeza kwamba ukisoma sana muziki unaua hisia. Nimeyasikia maneno haya kwa wazazi, kwa wanakwaya na, kibaya zaidi, kwa walimu wanaopokea ada. Si kweli, na yanawanyima watu kitu ambacho wangeweza kukipata.

Ushahidi wanaoupenda ni wa Köln. Tarehe 24 Januari 1975 mpiga piano Keith Jarrett alipanda jukwaani katika jumba la opera la mji huo wa Ujerumani bila wimbo wowote ulioandikwa, mbele ya piano ndogo, mbovu, ambayo siyo aliyoiomba, akapiga kwa zaidi ya saa nzima. Rekodi ya usiku ule imeuzwa kwa mamilioni. Kinachoachwa katika simulizi ni miaka iliyotangulia. Jarrett, aliyezaliwa 1945, alianza piano kabla ya umri wa kwenda shule, akalelewa kwa muziki wa Ulaya wa akina Bach na Mozart, kisha akafanya kazi na Art Blakey, Charles Lloyd na Miles Davis. Piano ya Köln ilikuwa na sauti nyembamba juu na besi dhaifu, kwa hiyo akakaa zaidi katikati na kurudiarudia mpigo wa mkono wa kushoto ili kuziba pengo. Uamuzi wa namna hiyo hutoka kwa mtu aliyeishi na ala kwa zaidi ya miaka 25.

Rudi nyuma zaidi, utakuta wakubwa wote wakifanya jambo lile lile ambalo waumini wa kipaji hulidharau: wanaiga. Mwanzoni mwa karne ya 20 Marekani ilikuwa na piano zinazojipiga zenyewe kwa roli za karatasi zilizotobolewa. James P. Johnson wa New York aliweka wimbo wake "Carolina Shout" kwenye roli hizo. Duke Ellington, kijana wa Washington, alipunguza mwendo wa mashine hadi akaona kila kibonyezo kinaposhuka, akaweka vidole vyake pale pale. Johnson alipokuja Washington, Ellington aliupiga wimbo huo mbele ya mwenyewe. Fats Waller naye alijifunza kwa njia hiyo hiyo kabla hajawa mwanafunzi wa Johnson. Charlie Parker, ambaye ala yake ilikuwa saksafoni lakini ambaye wapiga piano wa mtindo wa jazi uitwao bibopu walimfuata, alijifungia na santuri za mpiga saksafoni Lester Young akazikariri solo zake. Mwaka 1954, akihojiwa redioni na mpiga saksafoni mwenzake Paul Desmond, alisema kwamba kwa miaka mitatu au minne alifanya mazoezi saa 11 hadi 15 kila siku. Mtu huyu ndiye tunayeambiwa aliangukiwa na muziki!

Sisi wasemaji wa Kiswahili tulipaswa kuwa wa mwisho kudanganyika hapa. Malenga anayerushiwa shairi barazani na kulijibu papo hapo hahesabu mizani 16 kwa vidole. Nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, ameyasikia na kuyakariri tangu utotoni, mpaka usemi wake wenyewe unakatika pale kina kinapotua. Hatujapata kumwambia kwamba tungo za waliomtangulia zimemharibia hisia. Heshima tunayompa inatokana na kuzijua kwake.

Basi mazoezi yenyewe ni nini? Lennie Tristano, mpiga piano kipofu kutoka Chicago, aliwataka wanafunzi wake waimbe solo nzima pamoja na santuri kabla ya kugusa ala. Hapo wengi hushindwa, kwa sababu sauti ya mtu hufichua upesi kile ambacho sikio halijakishika. Ukishaweza kuimba mizunguko minane bila kupotea, itafute kwenye piano, kisha ihamishie funguo zote 12.

Mkono wa kushoto nao una kazi yake. Chukua kordi tatu zilizojaa katika nyimbo za jazi: D maina saba, G saba, C meja. Shika F na C huku besi ikipiga D. Sasa shusha C iwe B, uiache F ilipo: umeingia G. Shusha F iwe E, uiache B: umefika C. Kila mara kidole kimoja tu kimesogea, tena nusu toni. Mtoto wa miaka kumi anaweza kulifanya hili leo jioni. Kinachobaki ni kulirudia polepole hadi mkono usiombe tena ruhusa kwa kichwa. Mpiga piano Bill Evans alilisema jambo hili katika filamu ya 1966 akizungumza na kaka yake Harry: anayeanza asikimbilie kubahatisha kitu kizima, ashike kidogo kilicho sahihi na kujenga juu yake.

Najua nitatajiwa mpiga piano Erroll Garner, ambaye hakusoma noti na bado akatunga "Misty" mwaka 1954. Lakini kutosoma karatasi na kutojifunza ni mambo mawili tofauti. Garner alikuwa kwenye piano tangu akiwa mtoto mdogo, akisikiliza na kurudia.

Na hapa kwetu imani hii ina madhara ninayoyaona. Vijana wanaopiga vinanda makanisani, Dar es Salaam na Nairobi, wana masikio makali ajabu. Wimbo wanausikia mara moja wakaupata. Lakini vinanda vyao vina kitufe cha kuhamisha ufunguo. Mwimbaji akianza kwenye E fleti, kijana anabonyeza kitufe na vidole vyake vinaendelea na C ile ile ya kila Jumapili. Wote wanamsifia kipaji. Siku anapokaa kwenye piano ya kweli na mpiga saksafoni akaomba B fleti, mikono yake haina pa kwenda. Waliomsifia hawakumwambia kwamba kuna funguo nyingine 11 za kufanyia kazi, naye akirudi nyumbani anaamini kipaji chake kimefika mwisho.

Mwalimu anayefaa hufanya kinyume. Barry Harris, mpiga piano mzaliwa wa Detroit, alifundisha hadi alipofariki mwaka 2021. Katika madarasa yake ya kila wiki New York wanaoanza walikaa na wanaolipwa kwa kupiga; aliwapa kanuni, akawaimbia mistari, akawataka waipige pale pale.

Kabla ya kulipa ada ya muhula ujao, muulize mwalimu wa mwanao: mwezi huu amejifunza solo ya nani, na anaipiga katika funguo ngapi? Ukijibiwa kwamba mtoto bado anazitafuta hisia zake, tafuta mwalimu mwingine.