Moyo unapona, na ndoa je? (Sehemu ya 4)
Mama zangu, hili mnaniuliza pembeni: "Nesi, mume wangu alipata shambulio la moyo, tukikutana si atanifia?" Akiruhusiwa anapewa vidonge, ya chumbani hayasemwi. Mimi naona si sawa.

Huku Yaeda Chini hatuna ghorofa za kupimia pumzi, vilima tunavyo. Akipanda kwa haraka bila kifua kuuma wala kuhema sana, mara nyingi tendo la ndoa halina shida. Muulizeni daktari kwanza, hata Haydom. Dawa za nguvu za kiume asiguse kiholela: zikikutana na ile dawa ya chini ya ulimi, presha inashuka ghafla, anaweza kufa.

Akiwa kimya, mkali, halali, usidhani hakupendi. Huenda ni hofu, au sonona, nayo inatibika. Kumkumbatia hakusubiri kibali.