KAZI ZA MIKONO: Vyuma vya Sitaha ya Motaboti Kuukuu

Jina la Kisumu Ndogo, kitongoji cha Kibera, Nairobi, lawakumbusha wakazi wake bandari ya Ziwa Victoria. Huko Kisumu ndiko ilikoshushwa majini meli Winifred mwaka 1902: iliundwa Scotland, ikafumuliwa vipande vipande, kisha ikaunganishwa upya ziwani. Fundi wa motaboti kuukuu na aige utaratibu huo. Kila chuma cha kufungia kamba akiondoacho sitahani akitie alama pamoja na bolti zake.

Nati iliyoshikwa na kutu haitaki nguvu. Ipakwe mafuta, iachwe usiku kucha, ndipo ifunguliwe. Chuma kikishatoka, mbao zilizokuwa chini yake zidungwe kwa bisibisi. Zikiwa laini zimeoza, hazina budi kukatwa na kutiwa nyingine zilizo kavu. Wakati wa kurudisha, matundu yazibwe yasipitishe maji, na chini ya sitaha, kabla ya kukaza nati, uwekwe ubao mpana ili mvuto wa kamba usiangukie bolti peke yake.

Rangi mpya juu ya ubao mbovu ni hila. Dhoruba ikija chuma hung'oka, na chombo huenda mrama pamoja na watu wake.