Akitoka kupunguzwa matiti, jembe lisubiri

Mzazi wa Kibondo au Kasulu, kijana wako akifanyiwa upasuaji wa kupunguza matiti hospitali ya rufaa kama Bugando, Mwanza, usimpandishe basi kesho yake. Siku 2 za mwanzo damu inaweza kujikusanya ndani: upande mmoja ukivimba ghafla na kuuma, mrudishe usiku huohuo.

Nyumbani avae fulana ya kubana, mara nyingi wiki 4 hadi 6. Tafuta mbili, moja ikifuliwa. Kidonda cha nje hupona mapema, kikadanganya. Jembe, ndoo na baiskeli yenye gunia la mihogo visubiri ruhusa ya daktari. Ganzi kwenye chuchu ni kawaida. Homa na usaha, hapana.

Wanaomcheka wakemee, hata akiwa mjomba.