Mkono Mwepesi Katika Malezi



Kwetu Shabunda farasi hajulikani. Msitu wetu ni mzito, mbung'o ni wengi kando ya mito, na ugonjwa wanaoueneza humwua farasi upesi. Wengi wetu tumemwona katika filamu, au katika picha ya Mtakatifu Martino akikata joho lake amgawie maskini. Hata hivyo tumeona yafaa leo kutafakari pamoja nanyi juu ya namna farasi anavyofundishwa. Swali lililowashughulisha wafundishaji wa farasi kwa zaidi ya miaka elfu mbili ndilo linalotushughulisha sisi tunaoongoza watoto na vijana: je, tunataka kutiiwa kwa sababu tunaogopwa, au kwa sababu tumeeleweka?

Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Xenophon wa Athene, aliyekuwa askari na mwanafunzi wa Socrates, aliandika kitabu kidogo juu ya ufundi huo. Alifundisha kwamba jambo analolifanya farasi kwa kulazimishwa hulifanya bila kulielewa, na kwa hiyo halina uzuri, kama vile mcheza ngoma anayechezeshwa kwa mjeledi asivyoweza kupendeza. Karne nyingi baadaye, mwaka 1733, Mfaransa François Robichon de La Guérinière alitoa huko Paris kitabu ambacho mabwana wa farasi wanakifuata hadi leo. Ufundi huo huitwa dresaji, na katika mapokeo hayo neno lake kuu ni wepesi: mkono mwepesi, mguu mwepesi, na farasi anayekwenda kana kwamba anakwenda kwa hiari yake.

Tueleze kidogo jinsi unavyofanya kazi. Farasi mzima huweza kuwa na uzito wa kilo 500. Hakuna mtu awezaye kumshinda kwa nguvu za mikono. Kinywani mwake hutiwa lijamu ya chuma, mahali penye nyama laini sana, na kutoka hapo hatamu huja mikononi mwa mpandaji. Mpandaji mkali huvuta. Farasi hukaza shingo ajikinge na maumivu. Mpandaji huvuta zaidi. Na baada ya siku nyingi kinywa hufa ganzi, hata farasi asisikie tena ila maumivu makubwa. Mpandaji wa mapokeo mema hugusa kidogo tu, kisha hungoja. Mara farasi anapojibu, hata kama jibu lenyewe ni dogo, mkono huacha. Kuacha huko ndiko kunakomfundisha farasi kwamba ameelewa vema. La Guérinière alitaka hatamu ishushwe na kulegezwa mara farasi anapojichukua vizuri mwenyewe, iwe ni pumziko lake na tena ushahidi kwamba hakushikiliwa kwa nguvu.

Kuna Mfaransa mwingine, François Baucher, aliyejulikana sana katika kumbi za sarakasi. Mwaka 1855 taa kubwa ya dari ilimwangukia na kumjeruhi vibaya. Husimuliwa kwamba tangu siku hiyo, akiwa hana tena nguvu za miguu, alitafuta njia nyingine ya kusema na farasi, naye akafika kwenye upole kuliko alipokuwa mzima. Tunalipenda simulizi hilo, kwa kuwa wengi wetu hatujiulizi kama kuna njia nyingine mpaka siku nguvu zinapotuishia.

Na huko Vienna, katika shule ya farasi iliyo mashuhuri kuliko zote, kijana anayeanza kazi hapewi hatamu. Hukalishwa juu ya farasi mzee aliyekwisha kufundishwa, bwana wake akimshika farasi huyo kwa kamba ndefu na kumzungusha, na kijana hukaa hivyo kwa miezi mingi bila hatamu mkononi na bila kikanyagio miguuni. Kwanza hujifunza kukaa asimsumbue mnyama. Kuamuru huja baadaye. Tuwaulize waongozi wetu wapya, na tujiulize sisi wenyewe: ni nani kati yetu aliyejifunza kukaa kabla ya kushika hatamu?

Mtasema hayo ni mambo ya Ulaya. La, nchi yetu nayo ina historia yake katika jambo hili, na ni historia ya kutisha kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19 mfalme Leopold II wa Ubelgiji alitaka tembo wa Kongo wafundishwe kazi kama tembo wa Asia. Kazi hiyo ilikabidhiwa ofisa aliyeitwa Laplume, naye aliianza katika nchi ya Uele, kaskazini mwa Kongo. Kituo kikawa Api, na baadaye Gangala-na-Bodio, karibu na mahali ambapo mwaka 1938 ilianzishwa hifadhi ya Garamba. Watu waliowakamata, kuwalea na kuwapanda tembo hao walikuwa hasa Wazande.

Wengi walikuwa wakisema kwamba tembo wa Afrika hafundishiki. Wazande walionyesha kwamba anafundishika, na si kwa kipigo. Tembo mchanga aliyekamatwa alifungwa kati ya tembo wakubwa waliokwisha kuzoea, ili ajifunze utulivu kwao. Mlezi wake alimpa chakula kwa mkono, akamwosha mtoni, akampapasa, na jioni akamwimbia. Ndiyo, alimwimbia, kwa sauti ya chini, mpaka mnyama akaacha kutetemeka. Baada ya muda, tembo yule aliyetoka porini alivuta jembe na gari, akabeba magogo, akipandwa na mtu mmoja mwenye uzito usiofika hata sehemu ya kumi ya uzito wake.

Lakini tusimalize habari hapo, maana ukweli una upande wa pili. Tembo yule mchanga alipatikana kwa mama yake kufukuzwa kwa risasi, na mara nyingi kwa kuuawa. Katika miaka ya kwanza, wengi waliokamatwa walikufa. Na katika miaka hiyohiyo, chini ya utawala huohuo, watu wa Kongo walichapwa kwa chikoti cha ngozi ya kiboko kwa sababu hawakuleta mpira wa kutosha. Angalieni jambo hilo: palikuwa na wimbo kwa ajili ya tembo, na chikoti kwa ajili ya mwanadamu. Lugha yetu imelitunza kumbukumbu hilo bila kukusudia, maana hadi leo neno kiboko ni jina la mnyama, na tena ni jina la mjeledi.

Utawala ule ulikwisha, lakini mjeledi wake haukuondoka nao. Uliingia katika kambi za askari, katika mashamba na katika madarasa. Sisi tuliojifunza ualimu tulisomeshwa asubuhi mafundisho mazuri juu ya roho ya mtoto, na mchana, katika darasa la mazoezi, tukaikuta fimbo juu ya meza. Hatukuiuliza imetoka wapi. Tuliishika. Tunamkumbuka mtoto mmoja aliyejibu maswali yote ya katekisimu bila kukosa hata neno moja. Tulifurahi sana. Baadaye ndipo tulipotambua kwamba muda wote aliokuwa akijibu hakuutazama uso wetu, aliitazama fimbo. Baada ya Komunyo ya kwanza hakurudi tena, na tulipomkuta njiani alivuka upande wa pili. Alikuwa ameyashika maneno yote, na katika maneno hayo hakuwa amemkuta mtu yeyote anayempenda.

Wazazi wengi watatujibu kwa methali: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Methali hiyo ni ya kweli, wala hatuikatai. Lakini haisemi kwamba kila kilio kinalea. Tena wengine watasema kwamba wepesi ni ulegevu, na kwamba watoto wa siku hizi wanaharibika kwa kubembelezwa. Hapo ndipo farasi anapotusaidia kuelewa. Mpandaji mwenye mkono mwepesi hakutupa hatamu. Anajua barabara anachokitaka, anakiomba kwa namna ileile leo na kesho, habadiliki kwa hasira, wala haombi leo jambo ambalo mnyama ataliweza mwakani. Nidhamu yake ni kubwa kuliko ya mwenye mjeledi, kwa sababu imemwanzia yeye mwenyewe. Mwenye kupiga, mara nyingi, amefika mwisho wa maarifa yake. Sisi tulipopiga, tulipiga hasa siku ambazo hatukuwa tumetayarisha somo.

Wala tusidhani kwamba wenzetu wa Ulaya wamelimaliza tatizo hili. Mwaka 2024 mpanda farasi mmoja wa Uingereza, aliyekuwa na medali nyingi, alijiondoa katika Michezo ya Olimpiki ya Paris baada ya kujulikana video iliyomwonyesha akimchapa farasi miguuni wakati wa mazoezi. Kijana anayetaka ushindi wa haraka huuona mjeledi kuwa njia fupi, awe Paris au Shabunda.

Lipo jambo moja zito zaidi, na kwa ajili yake hasa tumeandika. Tumesema tembo mchanga aliimbiwa. Wimbo ule ulikuwa mzuri, na yule Mzande aliyeuimba pengine alimpenda mnyama wake kwa dhati. Lakini waliotuma wimbo uimbwe walitaka mabega ya tembo tu. Upole unaweza kuwa kamba nyingine, laini kuliko ile ya katani. Ninyi vijana wa Shabunda mnaifahamu kamba hiyo. Wako wanaowaita kwenda machimboni kwa maneno matamu na mkopo mdogo wa kuanzia. Wako walioingiza vijana katika makundi yenye silaha si kwa kuwachapa, bali kwa kuwaimbia, kuwapa chakula, na kuwaambia kwamba sasa wao ni wanaume. Kwa hiyo tusipime uongozi kwa ulaini wa sauti pekee. Tuulize: anayeniita kwa upole, je, ananiacha nikue? Hatamu yake hulegezwa lini? Nikisema hapana, upole wake hubaki?

Mabwana wa farasi hutupa kipimo hapa. Wanasema farasi aliyefundishwa vema huwa mzuri zaidi kuliko alivyokuwa: mgongo wake una nguvu zaidi, mwendo wake una utulivu, na huishi na kufanya kazi miaka mingi. Aliyefundishwa vibaya huchakaa upesi, hata akiwa ameshinda mashindano. Basi, mtazameni kijana aliyekaa mwaka mmoja chini ya mwongozi fulani. Je, amenyooka zaidi? Anasema ukweli hata mbele ya mkubwa? Au amejifunza tu kuinamisha kichwa?

Na wanyama wenyewe tusiwasahau, kana kwamba tumewatumia kwa mfano tu. Siku ya soko tunawaona mbuzi wamefungwa nyuma ya pikipiki, vichwa chini, safari ya saa nyingi. Na mbwa wa windo, anayetuingilia msituni na kengele yake ya mti shingoni, akirudi hupewa teke badala ya mfupa. Katekisimu ya Kanisa inafundisha kwamba kuwatesa wanyama bila sababu ni kinyume cha heshima ya mwanadamu mwenyewe. Na katika kitabu cha Hesabu tunasoma habari za Balaamu aliyempiga punda wake mara tatu kwa sababu alikataa kwenda. Punda alikuwa amemwona malaika njiani. Nabii ndiye aliyekuwa haoni. Kila tunapoinua mkono juu ya mnyama au mtoto aliyekataa kwenda, ingefaa tujiulize kwanza ameona nini mbele ambacho sisi hatujakiona.

Tunawaomba waongozi wa vikundi wajaribu jambo hili kwa muda wa mwezi mmoja. Fimbo isiingie katika mkutano, hata ile ya kuonyesha ubaoni ikiwa watoto wanaiogopa. Mwongozi atoe agizo mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha angoje. Mtoto akijaribu, hata akikosea, mwongozi aache kumsukuma na amwonyeshe kwamba ameliona jaribio lake. Kila mwongozi mpya akae kwanza na kikundi kwa majuma kadhaa bila kuamuru lolote, ajifunze majina yao, nyumba zao, na nani kati yao huja bila kula. Mwisho wa mwezi mkutane, mwambiane ukweli: ni lini mkono wako ulitaka kupiga, na saa ile ulikuwa umeishiwa na nini?

Sisi wenyewe tumeanza. Juma la kwanza kelele zilikuwa nyingi kuliko kawaida, nasi hatutaki kuwaficha hilo. Juma la tatu mtoto mmoja aliinua mkono na kusema kwamba hakuelewa somo. Kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa amethubutu kutuambia hivyo.